Nati Niliyofunga kwa Vidole

Chebet,

Salamu sikuandikii, maana uko chumba cha pili na nakusikia ukifungua begi na kulifunga tena. Ningekuita tu ungekuja. Lakini mimi na wewe tunajua kuongea mambo yote ya dunia isipokuwa moja, na hilo moja mdomo wangu hulikimbia kila mara. Labda mkono hautakimbia. Mkono ndio ulioanza hii shida, acha umalize.

Mambo ya kula vizuri, kuvaa sweta na kutafuta kanisa sitaandika. Shangazi yako atakuambia yote kesho mpaka masikio yachoke. Mimi nataka kuongea juu ya Jumapili.

Jumapili watu walipokuja kukuombea, pasta alikuuliza mbele ya wote kwa nini msichana anachagua kazi ya magari ya betri. Nilikuwa nimeshika chupa ya chai, nikangoja jibu nikiwa nimejaa sifa kama kawaida yangu, nikijua utasema kitu cha maana. Ukasema, "Kwa sababu mashine mbovu ilimuua baba yangu." Watu wakatikisa vichwa, wakasema pole. Wewe ukaangalia sakafu. Mimi nikaendelea kumimina chai mpaka kikombe cha Mama Faith kikamwagika.

Hayo maneno si yako. Ni yangu. Niliyatunga mimi, nikayasema hospitali, nikayasema kwa mazishi, nikayasema sokoni, na sasa nimekusikia ukiyabeba kwenda nayo kazini. Wewe unajua si ya kweli, na mimi najua kwamba unajua. Ndiyo maana naandika.

Wacha nijisifu kidogo kwanza, unanijua. Hapa Kiplombe hakuna mwanamke aliyeendesha gari ya betri kabla yangu. Mimi, niliyeishia darasa la saba, niliketi kwa ile gari ya magurudumu matatu nikapita na mitungi ya maziwa nyuma, kimya kabisa, bila moshi, na mbwa wakashindwa wabweke nini. Walimu walisimama kuniangalia. Nilimwita kijana wa rangi akaandika kwa ubao wa mbele MAMA CHEBET MAZIWA SAFI, na chini yake, kwa herufi ndogo, jina langu kamili. Baba yako aliuliza kwa nini majina mawili. Nikamwambia moja ni la watoto wa shule, lingine ni la historia.

Mzee Sawe ndiye tulikuwa tunashindana naye. Alikuwa akibeba maziwa kwa mkokoteni wa punda tangu mimi sijaolewa. Kila asubuhi yule atakayefika kwanza kwa ukuta wa kupakia, pale chini kwa barabara, ndiye hupakiwa kwanza. Nilipoanza na betri, nilimtangulia siku zote. Nilikuwa napiga honi nikimpita, hata mahali hakuna haja ya honi. Aliniambia siku moja, "Jelagat, hiyo kitu yako ikilala njiani utaikata nyasi uilishe?" Nikamwambia apunguze maneno, punda anasikia atakata tamaa.

Unakumbuka vile tulikuwa tunachaji. Watu wa duka lililotuuzia gari walisema ichajiwe bila kutoa betri, chini ya kibanda, mahali penye hewa. Lakini wezi walikuwa wameanza kung'oa betri za watu upande wa Yamumbi, na pia mimi nilikuwa nimejiambia kwamba baridi ya hapa inaua betri. Hakuna mtu alinifundisha hiyo. Niliitoa kwa kichwa changu, nikaitangaza kwa wengine, na wakanifuata. Kila jioni tulizifungua betri zote, tukazibeba ndani ya nyumba, tukazipanga karibu na ukuta wa jikoni na kuzifunika blanketi, chaja ikiimba kama nzi. Harufu yake ilikuwa inakukohosha na nikasema ni mafua. Baba yako alikuwa akicheka. Alisema babu zake walilala nyumba moja na ndama kwa sababu ya baridi na wezi, na yeye sasa amerudi kule kule, tofauti ni kwamba hawa ndama hawanyi.

Asubuhi lazima zirudishwe. Hiyo ilikuwa kazi yake. Alikuwa na ile spana yake moja, haiachi, inakaa mfuko wa koti la kijivu. Alikuwa anakaza nati, halafu anashika waya na kuutikisa, kila mmoja, polepole, kama mtu anayepima jino la mtoto kama limelegea. Nilikuwa nasimama pale nikipiga mguu chini. Nilimwambia mara nyingi kwamba angekuwa mwepesi kama mimi tungekuwa matajiri. Alitikisa waya uliofuata.

Sasa ile asubuhi. Wewe ulikuwa shule, bweni, kwa hiyo ulichosikia ni nilichokuambia.

Mvua ilikuwa imenyesha. Yule ng'ombe mweusi alikuwa anazaa na baba yako alikuwa naye zizini tangu alfajiri. Nikasema nitafunga betri mimi mwenyewe, kwani ni nini. Nikazibeba, nikazipanga, nikashika waya nikauweka mahali pake. Spana sikuwa nayo. Nilijua iko wapi, kwa koti, na koti liko mgongoni mwake, na zizi ni hapo tu ng'ambo ya matope. Ningeita angeileta. Lakini nilisikia kengele ya punda wa Sawe ikishuka kule juu, na nikaona kwamba nikivuka hayo matope nimechelewa. Nikafunga nati kwa vidole. Nilikaza mpaka ncha zikauma, nikajiambia imeshika. Nikawasha ufunguo, taa zote zikawaka, ile saa ya kupima betri ikaonyesha imejaa. Nikamwambia gari, "Umeona? Hata bila yeye."

Ilishuka vizuri mpaka kwa ukuta wa kupakia. Lazima ingeshuka, ilikuwa tupu na ni mteremko, haikudaiwa kitu. Nikaiegesha makalio kwa ukuta kama kawaida, wakapakia mitungi yote. Nikakaa, nikazungusha mkono wa moto, ule wa kuongeza mwendo. Haikusonga.

Taa zinawaka. Saa inasema imejaa. Gari imekataa. Na kila nikizungusha, taa zinafifia kidogo, nikiachilia zinarudi. Leo wewe ukisikia hivyo tu, kabla hujaona hata gari, unajua kuna mahali waya haujashika. Taa hula kidogo, zinatosheka na mshiko mdogo. Mzigo haudanganyiki. Lakini mimi wakati huo sikuwa nasikiliza gari. Nilikuwa nasikiliza watu.

Sawe alikuwa amefika, akapakiwa, sasa anaondoka. Akasimamisha punda, akavua kofia kwa heshima kama yuko kwa matanga. Akasema, "Mama, leo amekataa kunyonya?" Wale wamama wa mitungi wakacheka. Mmoja akasema labda inataka blanketi. Nikacheka pia, nikamwambia Sawe punda wake akifa hata fisi wataomba ruhusa kwanza. Lakini ndani nilikuwa nachemka. Nikazima nikawasha. Nikajaribu mbele. Nikajaribu nyuma. Nikajaribu mbele tena, na nyuma tena, bila mpango, kama mtu anayetingisha mlango uliofungwa. Sikujua hata nimeacha wapi. Niliacha kwa nyuma.

Baba yako ndiye huyo anashuka kutoka nyumbani, koti lina damu ya ng'ombe, anatabasamu kwa sababu ndama alikuwa jike. Hakuuliza mengi. Alisikia kicheko akaelewa. Akapita kule nyuma, mahali boksi la betri linafungukia, akapiga magoti kati ya gari na ule ukuta wa mawe.

Hapa ndipo sijawahi kukufikisha, Chebet. Hata ile siku uliniambia kuhusu nati, hapa hukufika, kwa sababu hakuna betri inayoweza kukuonyesha.

Aliniuliza. Sauti yake ilikuwa ya kawaida kabisa. Alisema, "Mama Chebet, umezima?"

Ningesema bado. Neno moja. Ningezungusha ufunguo, kidole kilikuwa karibu nao. Lakini Sawe alikuwa ananiangalia, na wale wamama, na mimi nilikuwa nimechoka kuonekana sijui. Nikasema kwa sauti, ili wote wasikie, "Wewe angalia tu. Mimi najua gari yangu."

Na mkono wangu ulikuwa bado umezungusha ule wa moto.

Aligusa ule waya. Aliusukuma mahali pake, kama alivyokuwa akifanya kila asubuhi, na ukashika. Nguvu yote iliyokuwa inangoja ikaja mara moja. Gari iliruka nyuma na mzigo wake wote.

Mengine sitaandika. Haitakusaidia kazini na mimi sitaweza. Nitasema hivi tu: Sawe ndiye aliruka akang'oa ufunguo, kwa sababu mimi nilikuwa nimeganda na mkono bado unazungusha. Yeye ndiye alivuta gari mbele na wale wamama. Halafu akamwaga maziwa yake yote barabarani, asubuhi yake nzima, ili mkokoteni uwe na nafasi, na punda akambeba baba yako mpaka lami tukapata gari. Nilikaa nimeshika kichwa chake. Hakufika mjini akiwa hai.

Hospitali walinipa nguo zake kwa mfuko. Spana ilikuwa ndani ya koti.

Kuna muuguzi aliniuliza nini kilitokea, na hapo ndipo nilisema mara ya kwanza: mashine ilikuwa mbovu. Ilitoka kwa urahisi hata nikashangaa. Mara ya pili ilikuwa rahisi zaidi. Yule jamaa aliyetuuzia alikuja kwa mazishi na unga na sukari, akasimama kando na kofia mkononi, na mimi nikamwambia mbele ya watu achukue unga wake aende. Alienda. Watu wakaacha kununua kwake. Baadaye akafunga duka, na sijui yuko wapi. Alikuwa na mke mwenye mimba.

Halafu mama mmoja akatoka Yamumbi akanitafuta, kwa sababu jina langu lilijulikana. Alisema gari yake baada ya kuchaji inawaka taa lakini akipakia inazima. Alikuwa ananiuliza mimi kama mtaalamu. Chebet, nilijua. Nilijua kabisa. Ningemwambia, mama, toa ufunguo, chukua spana, kaza nati. Lakini nikimwambia hivyo, basi ningekuwa nimesema yote. Nikamwambia hizo zote ni mbovu, auze. Akauza. Aliyenunua hajui kitu. Mpaka leo nikisikia ajali ya upande ule, nangoja kwanza niambiwe ilikuwa gari ya aina gani ndipo nipumue.

Ona vile uongo mmoja unatembea. Nilidhani naficha aibu yangu peke yangu, kumbe nimewatuma watu gizani.

Na wewe. Ulikuja likizo ya chuo, ukaenda kule kibandani mahali nilikuwa nimeifunika ile gari gunia. Nilikuona kwa dirisha ukifungua boksi. Ulikaa huko muda mrefu. Ukaja jikoni na mikono michafu, ukasimama mlangoni, ukasema taratibu, "Mama, kichwa cha betri moja kimeyeyuka upande mmoja. Nati ilikuwa imelegea. Ilifungwa kwa mkono." Hukuuliza mkono wa nani. Ulikuwa umeniachia mlango wazi, niingie mwenyewe.

Nikakuambia, "Nimekupeleka chuo ndiyo urudi kunifanyia kesi?" Nikaongeza mengine, ya kwamba umejifanya mwalimu wa mama yako. Ulinawa mikono. Ulipika ugali, tukala, ukaniuliza kama nataka maziwa zaidi. Hukurudia tena hiyo habari hata siku moja, na mimi nilijihesabia kwamba nimeshinda. Mama yako huyo. Amemshinda mtoto wake kwa kumfanya anyamaze.

Tangu hapo umekuwa ukiniangalia kwa upole fulani ambao sikuupenda. Sasa naujua. Ni vile baba yako alikuwa akiniangalia nikipiga mguu chini.

Kesho unaenda kule mbele ya Moi's Bridge, kwa lile shamba kubwa la mahindi, na wamekuwekea magari yote ya betri chini ya mkono wako, yale ya kubeba mbegu na yale ya dawa. Nimewaambia watu wote. Nimemwambia hata mtu wa kuuza mboga ambaye hatujuani. Najua utaweza kuliko wanaume wote wa huko, na si kwa sababu ni wangu, ingawa pia ni kwa sababu ni wangu.

Ya vyuma sikufundishi. Unajua kuangalia kama plagi ya chaja imetoka vizuri, kama fyuzi imekatika, kama breki imerudi, kama kuna uchafu kwa vichwa vya betri. Nitakuambia kile ambacho chuo hakikuona. Asubuhi moja dereva atakuja akuambie, madam, nimechaji usiku mzima, taa zinawaka, gari haisongi. Wenzake watakuwa wanamcheka. Labda ni yule hodari wao, anayejua kila kitu. Kabla hujaangalia gari, mwangalie huyo. Mtu anayechekwa hasikii akiulizwa. Ukimuuliza umezima, atasema ndiyo, au atasema wewe angalia tu. Usimwamini, hata kama ni mtu mzima wa kuitwa mzee, hata kama ni mkubwa wako. Nenda wewe mwenyewe, toa ufunguo, uweke kwa mfuko wako, na usikie uzito wake hapo. Weka jiwe kwa gurudumu. Mtu asisimame mbele wala nyuma. Baadaye ndiyo uguse waya. Wakisema unachelewesha kazi, waache waseme. Baba yako alikuwa mtu wa kuchelewesha, na siku pekee aliyokubali kuharakishwa ni hiyo.

Na mtu akikosea huko kwako, akafunga kwa vidole, usimfanye kicheko. Mfanye akuambie. Mimi kama ningekuwa na mahali pa kusema bila kuchekwa, sijui. Siwezi kusema ningesema. Nilikuwa na kiburi sana. Lakini labda.

Leo mchana, ulipokuwa mjini unanunua viatu, nilienda kwa Mzee Sawe. Alikuwa anampiga punda brashi. Yeye alikuwa karibu siku ile, alisikia kila neno, na miaka hii yote hajalitoa kwa mtu, hata nilipokuwa namtukana yule jamaa wa duka mbele yake. Nikamwambia, Mzee, aliniuliza kama nimezima. Hakuacha kupiga brashi. Akasema, "Nilisikia. Nilidhani utaenda nayo kaburini, Jelagat." Nikamuuliza kwa nini hakusema. Akasema haikuwa yake ya kusema. Halafu akaona nimeanza kulia akaniambia nisilie karibu na punda, ana moyo mdogo. Akanipa kiti. Tukakaa tu. Hakuniambia nimesamehewa na mimi sikumuuliza, maana mwenye kusamehe hayuko.

Jumapili ijayo nitasimama kanisani niseme. Wewe utakuwa huko mbali, na nimetaka iwe hivyo, kwa sababu nikiona uso wako nitaanza kujitetea. Nitajaribu pia kumtafuta yule jamaa wa duka. Yule mama wa Yamumbi najua kwake. Sijui kama watanisalimia baadaye hapa Kiplombe. Wengine hawatanisalimia. Utasikia.

Spana nimeiweka kwa begi lako ulipoenda kuoga, katikati ya sweta. Usiitafute usiku huu.

Sasa ombi ni moja. Kule shambani watakuuliza, kama pasta alivyouliza, na utakuwa na madereva wamekaa mbele yako wanangoja uwafundishe. Usiseme tena mashine ilikuwa mbovu. Wakiamini hivyo watangoja mashine nzuri, na wataendelea kufunga kwa vidole. Usiangalie sakafu. Waambie nati haikukazwa, na ufunguo haukutolewa, na mtu aliuliza akajibiwa kwa majivuno. Wakitaka kujua ni nani alijibu, unajua mama yako amependa jina lake litajwe maisha yake yote, hata akaliandikisha kwa ubao wa gari. Litaje. Sema ni Salina Jelagat wa Kiplombe, na sema, "Ni mama yangu."